Shajara ya kidhibiti cha tangi la samaki, Bukavu

Juni, kiangazi kinaanza

Tangi lina urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 40. Maji yanafika sentimita 36, na ukiondoa mchanga na mawe zinabaki kama lita 120. Ndani wapo samaki wadogo wa Tanganyika, jamii ya sikilidi, waliopandishwa kutoka Uvira. Wanataka maji magumu (yaani yenye madini mengi) yenye pH karibu na 9 na joto la digrii 24 hadi 27. Kila mgeni anayeingia sebuleni anauliza kama ni sambaza, wale dagaa wa ziwa Kivu, wanaokuzwa. Si sambaza, ingawa sambaza nao ni watu wa Tanganyika: walipandikizwa ziwa Kivu mwaka 1959, na leo ukimwambia mtu wa Bukavu kwamba si wa hapa atakukatalia.

Shida yetu ni baridi. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wa kiangazi sebule hii hushuka hadi digrii 17. Bila hita samaki hawa hawaishi. Na umeme ndio kama mnavyoujua: unaenda, unarudi, unaenda tena.

Kazi ninazotaka kidhibiti kifanye si nyingi: kushika joto, kuwasha na kuzima taa, kulinda hewa umeme unapokatika, na kujaza maji yanayopungua kwa kukauka. Mpwa wangu, anayesoma elektroniki na anayekuja jioni kwa ajili ya mradi (na kwa ajili ya bugali), ameleta orodha ndefu zaidi: kulisha, kupima pH, kamera, programu ya simu. Nimeiweka kando. Kulisha kutabaki kwa mkono, kwa sababu mtu anayelisha ndiye anayeona samaki aliyejificha au anayepumua haraka.

Kabla ya kununua hata waya nimechora jedwali kwenye daftari. Safu ya kwanza ni vifaa. Ya pili inauliza: kidhibiti kikizimika ghafla, kifaa hiki kibaki katika hali gani? Ya tatu: umeme ukikatika na kurudi? Ya nne: kihisi kikisema uongo? Hita: izimike, katika safu zote. Samaki wanavumilia digrii 22 usiku kucha, 33 hawavumilii. Chujio: liendelee kuzunguka mradi umeme upo, hata kama bodi imekufa kabisa. Pampu ya kujaza maji: izimike. Taa: vyovyote, hakuna anayekufa kwa giza.

Mchoro wote wa waya umetoka kwenye jedwali hilo. Rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo wa bodi, ina sehemu tatu za kufungia waya: ya kati, ile inayogusana rilei ikiwa imelala, na ile inayogusana ikiamka. Hita na pampu ya maji vimefungwa kwenye inayogusana ikiamka. Chujio limefungwa kwenye inayogusana ikiwa imelala, yaani kidhibiti kinaweza kulisimamisha kwa dakika chache wakati wa kulisha, lakini kikifa, chujio linaendelea. Kuna faida ya pili: koili ya rilei moja inakula kama miliampia 75, na ya chujio haili chochote karibu siku nzima.

Juni, manunuzi

Bodi ni Arduino Nano ya kunakiliwa, kikompyuta kidogo cha kuendesha vifaa. Moduli ya rilei nne, vihisi joto viwili, saa ya DS3231, swichi mbili za boya, hita mbili za wati 100, betri ya volti 12 na ampia-saa 7, dijonkteri (swichi inayokata umeme yenyewe) ya kuhisi uvujaji ya miliampia 30. Vingine vimepatikana sokoni Nyawera, vingine vimengoja mtu anayetoka Kampala.

Kuhusu saa, jambo moja tu. Moduli hii ya bei nafuu imetengenezwa kuchaji betri yake ndogo, lakini betri inayouzwa kila mahali ni CR2032, ambayo haichajiki. Ukiiacha hivyo inaweza kuvimba. Kwenye ubao kuna rezista ndogo iliyoandikwa 201, karibu na diodi. Iondoe kwa pasi ya kulehemu na saa itaendelea kufanya kazi vizuri.

Julai, vihisi joto

Hapa ndipo tumekaa muda mrefu, na sijutii.

Vihisi ni DS18B20, vile vya bomba la chuma na waya mweusi. Kwa karatasi ya kiwanda, kosa lake halizidi nusu digrii kati ya −10 na +85. Sokoni vimejaa vya kughushi, kwa hiyo kila kimoja kinapimwa kabla ya kuaminiwa. Barafu iliyopondwa ndani ya maji ni digrii 0 hapa kama kokote. Maji yanayochemka ni habari nyingine: kwa mwinuko wetu yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Nimeshaona kwenye video mtu akishauri kihisi kirekebishwe mpaka kisome 100 juu ya jiko. Fanya hivyo Bukavu na utakuwa umekipa kihisi kizima kosa la digrii 5. Vyetu vimesoma 0.2 na 0.4 kwenye barafu, na karibu na 95 vyote viwili kwenye sufuria. Vimepita.

Lakini kihisi kizima nacho kinadanganya, na uongo wake una namba maalumu. Kikipata umeme upya, ukakisoma kabla hakijamaliza kupima (kwa biti 12, usomaji wake wa kina zaidi, kinahitaji milisekunde 750), kinakupa 85. Waya wake ukikatika, maktaba ya programu tunayotumia inarudisha −127. Sasa chukua programu ambayo kila anayeanza huiandika: joto likiwa chini ya 25, washa hita. Panya akitafuna waya, programu inaona −127, inawasha hita, na haitaizima tena mpaka mtu aamke akute mchuzi wa samaki.

Kwa hiyo kipimo kwetu kinakubaliwa kwa masharti. Kiwe kati ya 10 na 40. Kisiruke zaidi ya digrii 2 kutoka kipimo kilichotangulia. Vihisi viwili, vilivyowekwa pembe mbili tofauti za tangi, visipishane kwa zaidi ya digrii 1. Sharti moja likivunjika, hita zinazimwa na king'ora kinalia. Programu haijaribu kukisia ni kihisi kipi kinasema kweli. Mpwa wangu alitaka ikisie.

"Shangazi, kama kimoja kinasema 25 na kingine −127, si inajulikana?"

Inajulikana. Lakini kimoja kikisema 25 na kingine 23? Afadhali samaki wapoe kidogo, mimi niamke niangalie.

Uongo mbaya zaidi hauna namba ya ajabu hata kidogo. Mtoto au paka akivuta nyaya, vihisi vyote viwili vinatoka majini na kuning'inia hewani. Vinasoma 18, na ni kweli, hewa ya sebule ni 18. Vinakubaliana. Hita zinawaka bila kukoma. Hapa kinachosaidia ni hesabu ya joto lenyewe. Lita 120 zinahitaji karibu wati-saa 140 kupanda digrii 1. Hita zote mbili, wati 200, zingefanya kazi hiyo kwa dakika 42 kama tangi lisingepoteza joto. Linapoteza, lakini si lote. Basi kanuni ni hii: hita zikiwaka dakika 90 na kipimo hakijapanda hata kwa 0.3, kuna kitu si sawa. Ama hita imekufa, ama kihisi hakimo majini. Zima, piga king'ora.

Hesabu hiyohiyo ndiyo sababu ya kununua hita mbili za wati 100 badala ya moja ya 200. Moja ikikwama ikiwa inawaka, maji hayawezi kupanda digrii 1 chini ya dakika 84. Mtu aliye jikoni ana muda wa kusikia king'ora, kumaliza anachofanya na kuja kuchomoa priza.

Julai, mwisho: bodi inayojiwasha bila kukoma

Kichipu cha ATmega328P, ubongo wa Nano, kina saa-mlinzi ndani yake. Programu isipoigusa kwa muda uliopangwa, kwetu sekunde 8, saa hiyo inaiwasha bodi upya. Programu ikiganda, haigandi kwa muda mrefu.

Tulipoijaribu kwa kuigandisha makusudi, bodi ilijiwasha upya, na kabla haijafika kwenye programu ikajiwasha tena, na tena, taa yake ndogo ikipepesa haraka. Chanzo ni programu ya kuanzishia ambayo bodi nyingi za Nano za kunakiliwa hutoka nayo. Baada ya saa-mlinzi kufanya kazi, inabaki imewashwa na muda mfupi kuliko yote, milisekunde 15 hivi, na ile programu ya zamani haiizimi. Dawa ni kuandika Optiboot, programu nyingine ya kuanzishia, mahali pake, kwa kutumia Arduino nyingine kama kiandikio. Imechukua jioni moja na tangu hapo imetulia. Anayenunua Nano kwa kazi ya usalama aanze na jaribio hili kabla ya kulehemu chochote.

Mambo mawili madogo ya programu. Saa-mlinzi inaguswa mahali pamoja tu, mwisho wa mzunguko, baada ya ukaguzi wote kupita. Ukiigusa kila mahali inakuwa haikulindi. Na rilei za moduli hii zinaamka volti ya pini ya bodi ikishuka, kwa hiyo wakati wa kuanza pini inaandikwa HIGH (juu) kwanza ndipo inafanywa OUTPUT (ya kutoa). Ukigeuza mpangilio, utasikia "tak!" ya rilei zote kila bodi inapowaka, na kila tak hiyo ni hita na pampu vimepata umeme kwa kitambo.

Agosti, upande wa 220

Masanduku ni mawili: la volti 5 na la volti 220, na nyaya zao hazilali pamoja. Yote yako ukutani pembeni mwa tangi. Hayako juu yake, ambako yangeweza kutumbukia, wala chini yake, ambako maji yatashukia siku moja. Kila waya unaotoka majini unaning'inia chini kuliko priza kabla ya kupanda kwenda kwenye priza, ili tone linalotambaa juu yake lidondoke sakafuni. Ni jambo la bure na linasahaulika kila nyumba.

Rilei zimeandikwa ampia 10. Hita ya wati 100 kwa volti 220 haifiki hata nusu ampia. Nafasi hiyo naipenda, maana rilei ya bei hii siiamini kwa maandishi yake.

Mzee fundi wa Kadutu amekuja kufunga dijonkteri. Alifungua priza, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Mama, nyumba hii haina waya wa ardhi. Dijonkteri itakuokoa, lakini itangoja mpaka mtu aguse."

Alikuwa na haki. Kioo hakipitishi umeme. Hita ikipasuka, maji yanashika umeme kimya kimya na hakuna kinachovuja, kwa hiyo dijonkteri haina cha kuhisi. Unapotumbukiza mkono, umeme unapata njia ya kwenda ardhini kupitia kwako, ndipo dijonkteri inaruka. Inaruka upesi, lakini njia ulikuwa wewe. Mzee amepigilia fito ya shaba bustanini, akavuta waya hadi ndani, na ncha ya chuma kisichoshika kutu imetumbukizwa majini ikiwa imeungwa na waya huo. Sasa uvujaji utaiangusha dijonkteri wenyewe, kabla ya mkono wa mtu. Kitufe chake cha majaribio kinabonyezwa kila mwanzo wa mwezi. Na mkono hauingii majini kabla priza haijachomolewa, hata kwa kuokota jani.

Agosti, hewa na betri

Vitabu vya akwariamu vimeandikwa na watu wa pwani. Kwenye usawa wa bahari, maji ya digrii 25 yaliyoshiba hewa yana kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Kwa shinikizo la hewa la hapa kwetu ni 6.9 hivi. Tangi la Bukavu linaanza likiwa na upungufu wa kama asilimia 16 kabla hujaweka samaki hata mmoja, kwa hiyo chujio likisimama muda wetu ni mfupi kuliko ule wa vitabuni. Ndiyo maana betri ni ya hewa na kidhibiti tu.

Hesabu haiachi ubishi: betri ina wati-saa 84, na kwa kuitunza tunatumia nusu. Pampu ya hewa pamoja na bodi vinakula wati 4 au 5. Inatosha saa 8 na zaidi. Hita moja tu ingeimaliza nusu hiyo chini ya nusu saa. Umeme ukikatika usiku, tangi linafunikwa blanketi pande tatu, na tumeona linashuka kama digrii 3 hadi alfajiri. Samaki wanalala chini, asubuhi wanakula kama kawaida.

Kidhibiti kinajuaje umeme umekatika? Chaja ya kawaida ya simu imechomekwa kwenye priza, na volti zake 5 zinaingia kwenye pini kupitia rezista. Zikipotea, umeme hakuna. Ukirudi, hita zinangoja dakika 5 za umeme usiokatika ndipo ziruhusiwe, kwa sababu umeme wetu ukirudi haurudi mara moja.

Mpwa wangu amerudia habari ya simu. Tumekubaliana hivi: simu inaruhusiwa kuangalia, hairuhusiwi kuamuru. Hakuna agizo la hita litakalopitia intaneti.

Septemba, mvua za kwanza

Maji yanapokauka madini yanabaki, kwa hiyo cha kuongeza ni maji ya mvua, ambayo karibu hayana madini. Tunayakinga kutoka kwenye mabati baada ya mvua za mwanzo kuosha vumbi la kiangazi. Kama mabati ni mapya ya zinki, usiyatumie, zinki ni sumu kwa samaki. Na walio Goma wawe waangalifu zaidi, mvua inayopita kwenye moshi wa volkano inabeba asidi na floridi.

Swichi ya boya inawasha pampu ndogo ya volti 12 inayovuta kutoka kwenye bidoni (dumu la maji). Kuna swichi ya pili, ya juu, ya kukata. Kuna kikomo cha sekunde 60 kwa siku. Lakini ulinzi ninaouamini hauna waya: kutoka usawa wa maji hadi ukingo wa tangi zimebaki sentimita 4, ambazo ni lita 16, na bidoni ni la lita 10. Kila kitu kikiharibika pamoja, bidoni litaishia tangini na sakafu itabaki kavu. Bidoni liko chini na mdomo wa mpira uko juu ya maji, hivyo tangi nalo haliwezi kurudi kumiminikia bidoni.

Septemba, siku ya kuharibu makusudi

Bila samaki, kwa ndoo za lita 20. Tumechomoa kihisi kimoja: hita zimezimika, king'ora. Tumetoa vyote viwili hewani: baada ya dakika 90, vivyo hivyo. Tumebonyeza kitufe cha kuanzisha upya na kukishikilia: hita zimezimika, chujio linazunguka. Mpwa amezima na kuwasha dijonkteri kama anacheza ngoma: hita zimengoja.

Kisha jaribio nililoliogopa, rilei iliyogandamana. Cheche za miaka zinaweza kuunganisha vidole vya rilei, na hapo programu inasema zima wala hakuna kinachozimika. Tumeiigiza kwa kupitisha kipande cha waya juu ya rilei, hita moja kwa kila ndoo, tukitegemea kidhibiti joto cha hita yenyewe kilichowekwa 27. Ya kwanza imejizima kwenye 28. Ya pili imepita 28, 29, 30. Kwenye 31 ilikuwa bado inawaka, taa yake nyekundu ikituangalia, nikaichomoa. Ilikuwa mpya kutoka kwenye boksi. Kama tusingefanya jaribio hili, ulinzi wetu wa mwisho ungekuwa kitufe cha kuzungusha kisichounganishwa na kitu.

Hita hiyo imebadilishwa, na mpya imepita ndoo hiyohiyo. Tumeongeza pia rilei kubwa inayokata hita zote mbili kwa pamoja, iliyofungwa kabla ya zile ndogo. Maji yakipanda nusu digrii wakati programu imeamuru hita zizimwe, rilei kubwa inafunguka na haifungi tena mpaka mtu abonyeze kitufe kwa mkono. Tumerudia jaribio la waya: imekata.

Oktoba

Samaki wako chini ya kidhibiti sasa. Joto linacheza kati ya 25.0 na 25.6. Taa inawaka saa mbili asubuhi na kuzimika saa kumi na mbili jioni. Dume mmoja amechagua kulinda vihisi vyangu kana kwamba ni pango lake.

Kilichobaki ni watu wa nyumbani, maana nitasafiri. Nimebandika karatasi kwenye sanduku: mlio mfupi-mfupi, umeme umekatika, funika blanketi, usifanye kingine. Mlio mrefu, chomoa priza nyekundu, kisha nipigie. Usitie mkono majini.

Mama ameisoma hadi mwisho, akauliza priza nyekundu ni ipi, kwa sababu mlio mrefu ukija usiku na umeme hakuna, priza zote ni nyeusi. Nimeifunga kipande cha kitenge, ameipapasa akiwa amefumba macho, ameipata.